Tundu Lililoibwa

Sabinspekta Dilshada Khanday aliwahi kutafuta ng'ombe, vikuku vya harusi, mashua iliyoibwa pamoja na magodoro yake, na bwana harusi aliyejificha kwa shangazi yake kule Sopore. Tundu hakuwahi kulitafuta. Asubuhi ile ndilo aliloitiwa.

"Lilikuwa hapa," alisema Mwalimu Zargar, akigonga kona ya shali kwa kidole. "Sasa halipo."

Walikuwa orofani, katika chumba cha vitu vya kale cha Jumuiya ya Vyeth, nyumba ya mbao na matofali membamba pale Habba Kadal, ambayo kila mwaka huinamia mto Vyeth kidogo zaidi na kila mwaka wanachama huapa kwamba itasimama. Katika Jumuiya hiyo hakuna anayelipwa. Kuna aliyejitolea kurekodi nyimbo za harusi kabla vikongwe wanaozijua hawajafa, kuna anayekusanya sufuria za shaba na mitambo ya wafumaji, na mtafiti akija, hata kama ni mwanafunzi asiye na nauli ya kurudi kwao, atapewa godoro, chai ya chumvi na mtu wa kumtafsiria. Mwalimu Mohammad Sultan Zargar ndiye katibu. Nusu ya mtaa ilipita darasani kwake, Dilshada akiwamo, na mpaka leo alipomwona na kofia ya polisi alimtazama kucha kwanza, kama enzi za darasani.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Shali ile ya pashmina, nyekundu ya komamanga, ilikuwa mali ya Kishori Tikoo. Mwaka ule majirani wa Kipandit, Wahindu wa mtaa huu, walipofungasha usiku kwa hofu kwenda Jammu, Kishori alimkabidhi jirani yake Rahti. Rahti aliitunza miaka yote hiyo, hata juzi juzi, alipoona uzee umembana, akaileta Jumuiya. Mwanzoni mwa msimu huu wa vuli, asubuhi ya harusi ya jirani, mwanafunzi kutoka Delhi aliipiga picha kwa ajili ya utafiti wake. Katika picha, karibu na taraza, palionekana tundu la kuungua, upana wa kifuniko cha soda. Mwanafunzi, kwa wema wake, akamtumia Kishori picha hiyo. Na Kishori, aliyealikwa mara nyingi akakataa mara nyingi, ghafla, siku ile ile, akajibu kwamba anakuja. Gari lake lilikuwa limeshavuka handaki la Banihal.

Jana walipofungua kabati ili kuitandika mezani kwa heshima ya mgeni, shali ilikuwa nzima kama siku ilipotoka kiwandani.

"Imebadilishwa," alisema Mwalimu. "Yetu imeuzwa, tumewekewa ya bandia. Ufunguo wa kabati anavaa Lassa shingoni. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Kamati inataka jalada lifunguliwe kabla mama huyo hajashuka garini. Asipoona tumeshtaki, atasema tumeshirikiana. Halafu kila aliyetukabidhi sufuria atakuja kuichukua, na huu ndio utakuwa mwisho wetu."

Aliyasema hayo huku macho yamemjaa maji. Lassa Dar alikuwa mlinzi, mfagiaji na mpika chai wa nyumba ile tangu siku ilipofunguliwa, na Mwalimu alimpenda kuliko baadhi ya watoto wake wa kuzaa, jambo ambalo watoto hao walikuwa wakilisema wazi.

Dilshada aliivuta shali dirishani. Aliomba picha, akaiweka kando yake, akaanza kulinganisha pole pole, ua kwa ua, mpaka Mwalimu akachoka kusimama. Kwenye taraza, mfumaji wa zamani alikosea rangi: petali moja ilikuwa ya manjano mahali pa kijani. Kwenye picha ilikuwapo. Kwenye shali ilikuwapo. Kona ya pili kulikuwa na doa hafifu la wino. Nalo lilikuwapo, pale pale.

"Mwalimu, ukitaka kughushi kitu, unaanza na nini?"

"Mimi sijawahi kughushi kitu."

"Sawa, mimi nimewakamata waliojaribu. Mtu huanza na kasoro, maana ndiyo kila mtu anaikumbuka. Mwizi gani huyu ajue kunakili petali iliyokosewa na doa la wino, asahau tundu? Tundu lenyewe ni kazi ya njiti moja ya kiberiti."

Mwalimu alivua miwani. "Unasema nini?"

"Nasema shali ni ile ile. Kilichoibwa ni tundu. Sasa niitie Lassa."

Lassa hakuhitaji kuitwa. Alikuwa ngazini na samovari, akimmiminia chai polisi aliyekuja kumkamata, na mkate wa tandoori alikuwa ameuchagua ule uliopikwa vizuri. Dilshada alimkalisha kwenye busati na kumwuliza habari za usiku wa harusi. Alikuwa na sababu mbili: picha ilipigwa asubuhi ya siku hiyo, na usiku wake nyumba ilikuwa tupu, wanachama wote wakiwa hemani uwanjani wakila. Tena wasaidizi wa mpishi, waliokuwa wakikoroga masufuria kando ya ukuta wa nyumba, walikuwa wameeneza mtaani kwamba waliona taa orofani.

Lassa alisema hakuondoka hemani. Alikula sinia moja na wanaume wengine watatu, tangu mbavu za kukaanga hadi mwisho. Dilshada alimwacha aseme. Kwetu hakuna saa ya ukutani inayoaminika kama karamu: ukijua mtu aliondoka kwenye chakula gani, umejua aliondoka lini, na gushtaba, lile donge la nyama katika mtindi, ndilo la kufunga. Baada yake ni kunawa mikono.

"Kwa hiyo gushtaba uliila, Kaka Lassa?"

"Niliila, Afande. Niiachie nani?"

"Ilikuwaje?"

"Laini. Pamba tupu. Mpishi yule Mungu amjalie."

Mwalimu Zargar alikohoa ndani ya kikombe. Tangu siku ile mtaa mzima ulikuwa hauna habari nyingine. Mpishi, badala ya kuitwanga nyama juu ya jiwe kwa nyundo ya mbao kama baba yake na babu yake, alikuwa amenunua mashine ya kusagia, na gushtaba zikatoka ngumu kama mipira ya kriketi. Baba wa bibi harusi alikuwa bado anakwepa safu ya mbele msikitini. Mzee mmoja inasemekana aliacha meno yake ya bandia ndani ya donge lake, ingawa hilo mimi siliapii.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Dilshada, bila ukali. "Uliondoka kabla ya gushtaba. Ukaja juu ukafungua kabati. Ukampa nani shali?"

Lassa alitazama mikono yake. "Andika ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Chochote kitakachofaa. Andika, niweke kidole gumba, tumalize. Mgeni anakuja, na mimi chai yangu sijamaliza kupika."

Dilshada alifunga kalamu. Wezi wengi aliowajua walikana hata majina yao. Huyu alikuwa akiomba kesi kama mtu anayeomba chumvi. Alimwambia Mwalimu amshike hapo hapo asitoke, akaikunja shali ndani ya kitambaa cheupe, akashuka.

Njiani watu walikuwa wakichoma majani ya michinari ili kupata mkaa wa kangri, vile vyungu vya makaa ambavyo kwetu hukumbatiwa chini ya joho wakati wa baridi, na moshi ulikuwa umejaa vichochoro vyote. Alielekea Aali Kadal, kwa Habla, fundi wa kutililia. Wapo mafundi wengine wanaoziba matundu ya shali, lakini wao huziba. Habla hulifuta tundu, hata mwenye shali asijue lilikuwa wapi. Tatizo ni kwamba fundi wa kazi hiyo hasemi. Wafanyabiashara huleta shali zilizoliwa na nondo na kuziuza kama nzima, na fundi akifungua mdomo mara moja, hatashika sindano tena. Polisi walishamfuata Habla mara kadhaa. Kila mara walipewa chai wakaondoka na chai hiyo tumboni, basi.

Alimkuta dirishani, miguu kakunja, kangri ndani ya joho, sindano kati ya midomo. Dilshada hakumwuliza kitu. Alisalimu, akakaa, akakunjua shali magotini na kuanza kusikitika kwa sauti.

"Mzee Habla, nimeleta aibu ya mji. Kuna fundi wa Amritsar kaiharibu hii. Kazi ya ovyo. Nataka uniambie kama inaweza kufumuliwa."

Mzee aliitupia jicho, akalirudisha upesi kwenye kazi yake. "Sijui."

"Tazama hapa uzi ulivyopinda. Hata kipofu anaona."

"Umepinda wapi?"

"Hapa, karibu na ua. Unajua hawa vijana wa siku hizi, macho yao yameharibiwa na simu. Sindano yenyewe alishika kama anachimba viazi."

"Nionyeshe," alisema Habla. Alikuwa ameshatoa sindano mdomoni. "Weka kidole pale ulipopinda."

Dilshada alipeleka kidole, akakirudisha, akakipeleka pengine. "Mbona sipaoni tena?"

"Na hutapaona. Wala mama aliyekuzaa hatapaona. Wala hakimu. Amritsar! Nilichomoa nyuzi za upindo wake wenyewe, nikakaa juu ya hilo tundu mpaka mgongo ukakataa kunyooka, wewe unakuja kuniambia..." Alimtazama Dilshada, akacheka, kicheko cha mtu aliyepigwa chenga na mjukuu wake. "Wewe ni binti ya nani?"

"Wa marehemu Khanday wa posta."

"Nilidhani hivyo. Na yeye alikuwa mjanja. Haya, tundu nimeliziba mimi. Jina la aliyeileta sikupi, hata ukinivua joho hili."

Dilshada alisema hamlazimishi. Alimpa pole ya mgongo, akataka kujua kama angalau alilipwa vizuri. Hapo mzee akafungua kinywa na kumwonyesha pengo jipya upande wa kushoto. Zaidi ya ujira, alisema, aliletewa gushtaba ya shukrani ndani ya mfuko, imetoka karamuni moto moto, na ile shukrani ilimng'oa jino.

"Sikutaja jina," alikumbusha.

"Hukutaja, Mzee."

Hakuwa na haja nalo tena. Aliyepeleka shali alikuwa karamuni na alikaa mpaka gushtaba. Basi si Lassa. Lassa alifungua kabati tu, na baadaye akarudisha. Sasa ni mtu gani ambaye Lassa, aliyewahi kugoma kwa sababu ya ufagio, angekubali kulala mahabusu kwa ajili yake? Mama yake Lassa alifariki siku alipomzaa. Aliyemnyonyesha, ziwa moja yeye na ziwa la pili mwanawe, mtaa mzima unamjua. Ni yule yule aliyeitunza shali.

Rahti alikuwa jikoni, akitunga vipande vya mamung'unya uzini ili vikauke kwa ajili ya majira ya baridi. Hakuonekana kushangaa. Alimwuliza kwanza kama Lassa amekula.

"Amekula, Bibi. Lakini usiku wa leo atakula kituoni. Ameniambia niandike yeye ndiye mwizi."

Uzi ulisimama. Bibi alisema Lassa ni mjinga tangu utoto, alikuwa akipigwa na wengine na kusema ameanguka. Kisha akaendelea kutunga. Alisema kwa nini pawe na kesi, shali ipo, ni nzima, mwenyewe akija apewe, yaishe.

"Hayataisha. Kishori ametumiwa picha."

"Picha gani?"

"Ya shali, na tundu lake. Anayo simuni tangu siku ile ya harusi. Akiikuta nzima, atasema si yake."

Rahti aliweka kisu chini. Alikuwa mwanamke mrefu, na hata ameketi alikuwa na urefu wake, lakini pale alionekana kama amepungua. "Nimeziba tundu nikachimba shimo," alisema.

Halafu, bila kuulizwa, akaeleza. Yeye na Kishori walitenganishwa na ukuta mmoja, na ukuta huo ulikuwa na kidirisha cha kupitishia mboga. Usiku ule Kishori alimpa shali, akasema wataonana theluji ikiyeyuka. Rahti alimwapia kwamba ni amana, hata nondo hatoigusa. Theluji iliyeyuka ikaanguka tena. Majira ya baridi ya pili, nyumba ya Kishori ikiwa giza na kidirisha kimefungwa kwa ubao, aliitoa sandukuni mara moja tu.

"Nilitaka kunusa. Harufu yake ilikuwa bado imo. Nikajifunika, kangri mapajani, nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka, moshi." Akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa. "Amana ya mtu, Dilshada. Mtu kanyang'anywa nyumba, kabakiwa na kitambaa kimoja tu mji huu wote, na mimi nikakichoma. Nimeficha miaka yote. Nilipowapa wale wa Jumuiya sikusema kitu, nikijua hatakuja. Kisha nikasikia anakuja. Nimtazame usoni vipi?"

Dilshada angeweza kusema mengi. Ushahidi alikuwa nao wote. Ingetosha kumwita Habla, Lassa angeachiliwa, na siri ya bibi huyu ingesomwa mbele ya kamati na mgeni kama hukumu. Alikaa akamtungia vipande viwili vitatu vya mamung'unya, vibaya. Rahti alivivua vyote na kuvitunga upya.

"Nitasema mwenyewe," alisema alipomaliza. "Wewe nyamaza. Nisaidie ngazi tu."

Walipofika, gari lilikuwa limeshasimama. Kishori Tikoo alikuwa mfupi, mvi tupu, na koti la Jammu ambalo halikutosha kwa ubaridi wetu. Mwalimu Zargar alikuwa ameanza hotuba. Alifika kwenye historia ya Jumuiya, mgeni akampita kwa upole, akaenda moja kwa moja mezani, mahali Dilshada alipokwisha kuirudisha shali. Hakumwona Rahti mlangoni. Alishika taraza, akaipitisha vidoleni inchi kwa inchi, akafika kwenye ile petali ya manjano, akasimama. Akaipitisha tena.

"Hii siyo," alisema. "Liko wapi tundu langu?"

Lassa aliweka samovari chini na kupiga hatua mbele.

"Ni mimi, Mama. Mimi ndiye..."

"Kaa chini, wewe," alisema Rahti kutoka mlangoni.

Kishori aligeuka. Hao wawili walitazamana, na chumba kizima kikaona aibu kuwatazama. Rahti hakwenda kumkumbatia. Alibaki na mkono kwenye fremu ya mlango.

"Ni ile ile. Tundu nililichoma mimi, na mimi nimelizibisha usiku wa harusi, huyu kanifungulia tu kabati kwa sababu hajui kunikatalia. Niliivaa, Kishori. Uliniachia niitunze, mimi nikaivaa, nikalala na kangri. Usimfunge mtoto wa watu. Nidai mimi."

Kishori alitoa simu mfukoni. Akaigeuza wote waione: tundu lenyewe, limejaa kioo kizima, limekuzwa mpaka nyuzi zilizoungua zinahesabika.

"Kila walipoandika nije, nilikataa," alisema. "Kisa shali? Nilijua ulivyo. Uliniapia hata nondo hataigusa, nikasema basi, Rahti kaifungia sandukuni na kafuli juu yake, imelala kama maiti, na mimi nije kufanya nini, kufukua? Ndipo mtoto huyo wa Delhi akanitumia hii. Nikaona kangri. Nikasema, aa, kumbe alikuwa anaivaa." Akamnyoshea Rahti ile simu. "Nimepanda gari kwa ajili ya tundu hili, mpumbavu wewe, na umelipa mtu alifute."

Mwalimu Zargar aligeukia ukuta na kuanza kufuta miwani iliyokuwa safi. Lassa alilia wazi wazi, bila kufuta chochote. Dilshada aliichukua karatasi ya malalamiko, ambayo haikuwa imeandikwa kitu zaidi ya tarehe, akaikunja akaitia mfukoni.

Kishori alivuka chumba. Hakuibeba shali kama mtu abebavyo kitu cha kale. Aliiburuta kwa kona moja, akafika mlangoni, akamtupia Rahti mabegani na kuanza kuifunga mbele kwa nguvu, kama mtu anayemfunga mtoto mkaidi anayetaka kutoka bila sweta.

"Niambie kweli. Ilikupa joto?"

"Sana," alisema Rahti. "Mpaka nikashika moto."

Wakacheka, vichwa vimegusana, na hakuna aliyethubutu kuwauliza kama wako tayari kwa chai.